Hema Lipite, Kuni Zibaki

Familia inayotoka Nairobi kwa gari kwenda kupiga kambi Arusha, au kundi la vijana wa Mwanza wanaoelekea Maasai Mara, hufika mpakani na shehena isiyofanana na mzigo wa abiria wa kawaida wala bidhaa za mfanyabiashara. Ndani ya gari mna mahema, magodoro ya kupuliza, jiko la gesi na mtungi wake, dumu la petroli, shoka, taa za sola, unga, nyama iliyogandishwa, maembe, na pengine mzigo wa kuni juu ya keria. Kila kimoja kina sheria yake na ofisi yake: forodha hutazama ushuru, wakaguzi wa mimea hutazama matunda, madaktari wa mifugo hutazama nyama, na watu wa mazingira hutazama plastiki. Sasa wakazi wa Afrika Mashariki wanapozidi kutalii kwao wenyewe kwa magari yao, ni vyema tuulize ukali wa mpaka uelekezwe wapi katika mzigo kama huu. Hoja yangu ni kwamba kitakachorudi na mwenyewe kipite bila usumbufu, na kitakachobaki upande wa pili, kwa kuliwa, kuoza, kuota au kutupwa, kikaguliwe kwa ukali wote. Kanuni hiyo iandikwe kwa Kiswahili, mahali pamoja, msafiri aisome kabla hajawasha gari.

Msingi wa kanuni hiyo tayari tunao. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inamsamehe ushuru mgeni anayezuru kwa muda usiozidi miezi mitatu kwa vitu vya matumizi yake binafsi ambavyo haviishi kwa kutumiwa na ambavyo anakusudia kuondoka navyo ziara ikimalizika. Hema, jiko, kitanda cha kukunja na taa vinaingia hapo bila ubishi. Vyakula na vinywaji visivyo na kileo navyo vinasamehewa, ila kwa kiasi na aina ambayo afisa mhusika ataona inalingana na ziara yenyewe. Hapo ndipo penye ufa. Kilo kumi za mchele kwa watu wanne kwa siku saba ni chakula cha safari au ni biashara? Afisa mmoja atasema hili, mwenzake wa zamu ya usiku atasema lile, na wote wawili watakuwa ndani ya sheria. Zaidi ya hapo, msamaha wa ushuru haumaanishi ruhusa ya kuingiza. Embe lisilotozwa hata senti laweza kuzuiwa na mkaguzi wa mimea aliyeketi meza ya pili. Msafiri asiyejua tofauti hiyo hutoka mpakani akiamini ameonewa, hata pale ambapo ametendewa haki.

Mfano mzuri wa jinsi kanuni inavyoweza kuelezwa tunao hapa hapa kwetu. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, serikali ilitoa tangazo kwa wasafiri kwamba kungekuwa na dawati maalumu katika vituo vya kuingilia la kusalimisha mifuko hiyo, lakini vifuko vyenye zipu vya kuwekea sabuni na dawa ya meno vingeruhusiwa, kwa kuwa mgeni anatarajiwa kukaa navyo na kuondoka navyo bila kuvitupa nchini. Kilichopimwa pale ni kitakachoachwa nyuma. Thamani ya kitu na uraia wa mwenye kitu havikuhusika. Mantiki iliyotosha kwa kifuko cha mswaki inatosha pia kwa hema. Upande wa Kenya, marufuku ya mifuko iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ilikuja na adhabu ya kifungo cha mwaka 1 hadi 4 au faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwemo, hazitakiwi katika hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa. Mpiga kambi anayekwenda Amboseli na katoni ya maji ya chupa anaweza kuvuka Namanga salama, akakwama kwenye geti la hifadhi. Sheria nzito namna hiyo ina wajibu wa kumfikia mtu mapema.

Sasa tugeukie vile vinavyobaki, kwa kuwa ndivyo vinavyostahili ukali. Sotoka iliyoingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 iliteremka hadi Umasaini na kufyeka ng'ombe, ikafuatwa na njaa kuu. Dunia ilitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 2011 tu. Nzi wa matunda wa asili ya Asia aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003 na baada ya muda mfupi alikuwa ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza maembe katika Umoja wa Ulaya kwa ajili ya nzi hao. Ugonjwa unaokausha mahindi yangali shambani ulionekana Bomet mwaka 2011, na mwaka uliofuata ukaripotiwa Tanzania. Simlaumu mpiga kambi kwa misiba hiyo. Ninachosema ni kwamba embe moja lenye funza linatosha kufungua njia, na mkulima atakayelipa gharama hatajua gari lililolileta lilipita lini.

Kuni ndizo zinazosahaulika zaidi, na ndizo zenye ushahidi ulio wazi kabisa kuhusu wapiga kambi. Huko Marekani, mbawakawa wa rangi ya kijani kutoka Asia anayeua miti ya nchi za baridi iitwayo ash aligunduliwa Michigan mwaka 2002. Mwenyewe haruki mbali sana kwa mwaka, lakini mabuu yake hukaa chini ya gome, na watu waliosafiri na kuni za kambini walimvusha maili nyingi kwa mchana mmoja. Ameua mamilioni kwa mamilioni ya miti, na majimbo mengi yameweka masharti juu ya kusafirisha kuni. Sisi tunalinda Mlima Kilimanjaro, Mlima Kenya na misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, yenye miti isiyopatikana kwingine duniani, na bado mzigo wa kuni unaonekana mpakani kama kitu kisicho na madhara. Kuni zinapatikana karibu na kila kambi. Zinunuliwe huko na zichomwe huko.

Nyama nayo ina somo lake Botswana. Nchi hiyo inauza nyama ya ng'ombe Ulaya, na ili kujikinga na ugonjwa wa miguu na midomo imeigawa nchi kwa nyuzio za mifugo. Kwenye vituo vya nyuzio hizo msafiri huulizwa kama ana nyama mbichi, na akiwa nayo mahali pasiporuhusiwa huchukuliwa, hata kama hajavuka mpaka wowote wa nchi. Watalii wanaolala kwenye mahema wamelizoea jambo hilo kwa kuwa wanaelezwa sababu yake. Petroli na gesi vinaingia kundi hilo hilo la vitu vya kukaguliwa, kwa sababu nyingine: dumu lililojaa ndani ya gari lililosimama juani kwenye foleni ni hatari kwa kila aliye jirani. Dumu lipite tupu, lijazwe kituo cha mafuta cha kwanza ng'ambo.

Wapo watakaouliza: kama tuna Soko la Pamoja tangu mwaka 2010, kwa nini embe la Machakos lizuiwe lisiliwe Monduli? Hoja ina uzito, na inapata nguvu zaidi tukikumbuka jinsi afya ya mimea na mifugo ilivyochanganywa na ugomvi wa biashara. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto upande wa Tanzania. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaweka masharti badala ya marufuku. Katika visa vyote viwili sababu ya kiafya ilitajwa, na katika vyote viwili majirani waliona mkono wa siasa. Kwangu mimi hilo linazidi kuonyesha haja ya orodha inayoeleweka. Marufuku inayozuka ghafla hupoteza heshima, lakini marufuku iliyoandikwa na kuelezwa, inayowabana wote kwa kipimo kimoja, watu huitii.

Wengine wataogopa kwamba wachuuzi watajificha nyuma ya mahema. Mtu ataingia na mahema kumi mapya ndani ya maboksi na kusema ni ya kambi. Hofu hii ina jibu rahisi: idadi ilingane na watu walio garini, na vitu viwe vya kutumiwa. Kwa vyombo vya bei kubwa, msafiri aandike orodha yenye namba za utambulisho, igongwe muhuri anapoingia na ikaguliwe anapotoka. Tangu vituo vya huduma za pamoja vianze kazi Holili na Taveta, Namanga, na Busia, maafisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja, kwa hiyo muhuri mmoja unaweza kuzitosha pande zote mbili. Muda unaookolewa kwenye mahema utumike kukagua kreti za matunda.

Lililo zito zaidi ni swali la haki. Mama anayevusha nyanya Busia anahangaika kila siku, iweje tuanze na watu wanaokwenda kustarehe? Mama huyo anao Utaratibu Rahisi wa Biashara kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na tatizo lake kubwa ndilo hili hili: kutojua haki yake inaanzia wapi na hiari ya afisa inaishia wapi. Orodha iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili inamlinda yeye kabla ya kumlinda mtalii. Tena mpiga kambi anayeacha nyama, matunda na kuni nyumbani atanunua vyote hivyo sokoni Longido, Narok au Taveta, na fedha itaingia mkononi mwa watu ambao utalii wa mahoteli makubwa huwapita.

Kwa hiyo Sekretarieti ya Jumuiya na mamlaka za mapato za nchi wanachama zitoe ukurasa mmoja wa pamoja wenye mafungu matatu: vinavyopita bila swali, vinavyohitaji kibali kama vile droni, na visivyovuka kabisa. Wakaguzi wa mimea, mifugo na mazingira wauandike kwa pamoja na forodha, na kila kinachozuiwa kielezwe sababu yake kwa sentensi moja. Nasi wasafiri tuna sehemu yetu, ambayo haisubiri mkutano wa mawaziri: tupakie vyombo, tuache vyakula vibichi na kuni, na tunapogeuza gari kurudi tusibebe pembe, manyoya wala makombe tuliyookota. Mpaka unaomruhusu mtu na hema lake na kumzuia nzi wa matunda ndio unaofanya kazi yake sawasawa.