Kukaa na mtoto si anasa

Ukimwambia mzazi wa Kamenge, hapa Bujumbura, atenge muda akae chini na mwanawe, wachambue maharage pamoja kwa rangi huku wakihesabu na kusimuliana, huenda akakujibu kuwa hayo ni mambo ya wenye nafasi. Jibu hilo nalielewa, maana mtaani kwetu anayelala nyumbani mchana huwa hajapata kibarua. Hata hivyo, naamini nyumba yenye chakula kidogo ndiyo inayohitaji zaidi michezo hii ya utulivu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa hakosi kimo tu. Hucheza kidogo, huuliza kidogo, na kwa kuwa hasumbui, watu wazima humwacha ajikalie. Ukimya wake tunausifu kuwa ni adabu.

Ushahidi mzito kwamba mchezo humsaidia mtoto wa aina hiyo umetoka Kingston, Jamaica. Katika miaka ya 1980, Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24, kutoka familia maskini. Baadhi yao walipewa chakula cha nyongeza. Wengine walitembelewa nyumbani kwa saa moja kila wiki, kwa miaka 2, na wahudumu wa afya wa jamii waliomwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto, mara nyingi kwa vitu vilivyotengenezwa kutokana na mabaki ya nyumbani. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa miaka 20 baadaye waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezeshwa. Chakula cha nyongeza peke yake hakikuacha alama kama hiyo. Hilo halimaanishi kuwa sahani si muhimu. Linamaanisha kuwa sahani bila mazungumzo inaacha kazi nusu.

Na vifaa vya kazi hiyo tunavyo. Vizibo vya chupa hufundisha kuhesabu na kupanga. Udongo uliolowa hufinyangwa kuwa ng'ombe na nyumba. Bao, ambalo Warundi huliita ikibuguzo, mtoto mkubwa kidogo analiweza kwa vishimo na kokoto. Umeme ukikatika, vitendawili havihitaji taa: Mswahili hutega, Mrundi husema "sokwe" na kujibiwa "niruze", na katika nyumba nyingi za Kamenge mtoto anaweza kucheza kwa lugha zote mbili jioni moja.

Wapo watakaosema mtoto anapaswa kukimbia nje. Ni kweli, na akimbie. Lakini kuna jua la saa sita, kuna mvua, kuna siku ya homa, na kuna giza linaloingia mapema. Wengine watasema simu inatosha kumtuliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Muda wa kukaa, unashauri, utumike kusoma na kusimulia hadithi pamoja na mlezi. Simu haimngoji mtoto ajibu. Pingamizi lililo zito kwangu ni uchovu wa mama aliyeshinda sokoni. Huyo asiongezewe kazi. Maharage atayachambua hata hivyo. Tofauti ni kumkaribisha mtoto badala ya kumfukuza jikoni. Na baba naye ana mikono na mdomo.

Kituo cha Vijana Kamenge, kilichotunukiwa Right Livelihood Award mwaka 2002, kiliwafungulia vijana wetu milango. Mtoto wa miaka 2 bado hana mlango wa namna hiyo ila wa nyumbani kwao. Wahudumu wa afya wa jamii ambao tayari hufika huko wafundishwe mchezo mmoja au miwili ya kumwachia mzazi. Kingston kazi hiyo ilifanywa na watu wa ngazi yao.