Daftari la Wiki: Mlaji wa Chakula Kimoja

Aiptasia ni kiumbe laini wa baharini, jamaa wa matumbawe, anayeingia katika tangi la kioo la kufugia matumbawe akiwa amejibanza kwenye tundu la jiwe. Haichukui muda mawe yote yanajaa watoto wake, na minyiriri yao yenye sumu huyachoma matumbawe ya jirani mpaka yanajikunja na kufa. Kumkwangua kwa kisu ni kumwongeza: kipande cha mguu kinachobaki jiweni huota kiumbe mzima. Ndiyo maana wafugaji humvizia akiwa amekunjua minyiriri, wakamdunga mdomoni uji mzito wa chokaa kwa bomba la sindano. Dawa hiyo inafaa wakiwa wachache. Wakishazagaa, hutafutwa wa kuwala.

Anayeaminika zaidi ni Berghia, konokono wa baharini asiye na gamba, ambaye urefu wake kwa kawaida haufiki sentimita 3. Mchana hujificha, usiku hutoka kula aiptasia, na hana chakula kingine. Wapo uduvi wa jamii ya Lysmata wanaofanya kazi hiyohiyo, lakini wakipata chakula cha samaki humsahau aiptasia, na baadhi yao hudonoa matumbawe yaleyale waliyoletwa kuyaokoa.

*

Kanda ya Ziwa inalijua jambo hili, la kumtafutia mvamizi mlaji wake, kwa upana wa ziwa zima. Gugu maji, mmea wa Amerika Kusini, lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ukaendelea kulishusha. Lilifunga mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka. Watu waliling'oa kwa mikono, na mashine zikaletwa, lakini chipukizi moja lililoachwa majini lilitosha kuanza upya. Mwaka 1995 Uganda iliachia fukusi wa aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Kenya na Tanzania zikafuata mwaka 1997.

Fukusi huyu ana urefu wa takriban milimita 5. Mkubwa hutafuna ngozi ya jani usiku na kuacha makovu madogo ya rangi ya kahawia. Hasara kubwa inafanywa na buu wake, anayetoboa kikonyo cha jani akishuka hadi kwenye kitovu cha mmea. Kikonyo hicho ndicho kinacholifanya gugu lielee, kwa kuwa kimejaa hewa. Kikitobolewa huingiwa na maji, kikaoza, na mmea mzima ukazama. Buu akikomaa hujitengenezea kifuko kwenye mizizi hai ya gugu hilohilo. Asipolipata hawezi kukamilisha maisha yake, na hapo ndipo penye usalama wa mihogo na mpunga wa wakulima wa pwani ya ziwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 gugu lilikuwa limepungua sana, ingawa mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 nayo yalisaidia kulivunjavunja.

Gugu likizama, fukusi nao huisha. Mbegu hubaki kwenye tope, zikiweza kuota hata baada ya miaka 15, na gugu linaporudi halimkuti adui yake. Kwa hiyo vituo vya kuzalisha fukusi kando ya ziwa havikupaswa kuonekana kazi ya msimu mmoja. Wafugaji wa matumbawe hufanya vivyo hivyo: Berghia wakimaliza chakula huhamishiwa tangi la mwenzao, wasije wakafa njaa.

*

Mbinu hiyo ilijaribiwa pia dhidi ya konokono wabebao kichocho. Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, iko katika nchi ya malambo ya ng'ombe na majaruba ya mpunga. Katika Mkoa wa Mwanza, konokono wa jamii ya Bulinus wa maji kama hayo hubeba kichocho cha mkojo. Wa ufukweni, Biomphalaria, hubeba kichocho cha tumbo. Ziwa lilikuwa na samaki wengi aina ya furu wanaovunja konokono, na mmoja, Astatoreochromis alluaudi, alijaribiwa katika mabwawa ya Afrika Mashariki kama dawa ya kichocho.

Samaki huyo ana taya la pili kooni. Akikua kwa kula konokono, taya hunenepa na meno yake huwa mapana kama magego. Akikuzwa kwa chakula laini, taya hubaki jembamba na meno huwa madogo. Akiwekwa kwenye bwawa lenye wadudu tele hula wadudu, na konokono huendelea kuzaana. Sangara, aliyepandwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, hakuchagua hata kidogo: alipoongezeka katika miaka ya 1980, spishi nyingi za furu wa Ghuba ya Mwanza zilitoweka, wakiwamo wavunja konokono. Kichocho leo kinakabiliwa kwa vidonge vya praziquantel vinavyotolewa shuleni, vyoo, na maji ya bomba yanayomwondolea mtoto haja ya kuingia lamboni.