Wenye Magari wa Lutindi, Masika Hayangoji

Ndugu zangu wa Korogwe na Handeni, na hasa ninyi mnaokaa juu huko Lutindi, leo nataka tuzungumze juu ya gari lililoegeshwa uani. Liwe Noah, liwe Haisi, liwe kirikuu cha kubebea maharage na ndizi, liwe pikapu kuukuu ambayo kila asubuhi husukumwa ndipo iwake. Tumezoea kulihesabu kuwa chombo cha biashara, cha harusi, cha kwenda kanisani na msikitini. Mimi nasema gari hilo ni sehemu ya ulinzi wa nyumba, na lisipoandaliwa wakati wa jua halitamfaa mtu wakati wa maji.

Wenzetu wa nchi nyingine wana magari yaliyoundwa yawe nyumba kabisa, yenye vitanda, jiko, tangi la maji na hata choo. Huku kwetu tunayaona machache yakipita barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, watalii wakiwa ndani, au gari la kawaida lenye hema lililofungwa juu ya paa. Marekani wako wanaolinunua gari la namna hiyo kwa ajili ya matembezi, kisha wanaliweka tayari pia kwa siku ya tufani au ya moto wa msituni. Siwashauri kulitamani, bei yake si ya mkulima wa milimani, na kona zetu hazilipokei. Ila fikra iliyomo ndani yake inafaa kuigwa: chombo cha kila siku kiweze kuwa makazi ya familia kwa usiku mmoja au miwili, pasipo mtu kupapasa gizani akitafuta maji, dawa na vyeti.

Lutindi si pageni kwa habari ya kimbilio. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walifungua pale makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali ile ingali inahudumia watu mpaka leo. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, lakini kutoka bondeni kwenda juu safari ilibaki ya miguu na ya mabega ya watu. Tangu siku hizo mengi yamebadilika, ila mteremko ni uleule na udongo ni uleule. Mvua ikipiga siku tatu mfululizo barabara inateleza, magari yanasimama, na mgonjwa anarudi kubebwa kwenye machela.

Yaliyowapata majirani tunayajua. Novemba 2009, kule Goha katika milima ya Upare, wilaya ya Same, mlima uliporomoka ukafukia nyumba na kuua watu zaidi ya ishirini. Oktoba 2019 mvua zilivunja madaraja na kuikata barabara ya Handeni na Korogwe, mtu wa upande huu asiweze kumfikia ndugu yake wa upande ule. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliteremka mpaka Katesh, likaua watu zaidi ya themanini. Wapo watakaosema ajali haina kinga. Maneno hayo nimeyasikia msibani mara nyingi, na kwa mfiwa ni maneno ya faraja. Kwa mtu aliye hai, anayejenga chini ya mteremko uliokatwa miti, ni maneno ya hatari. Mlima hatuwezi kuuzuia. Kuondoka kabla haujashuka tunaweza, na hapo ndipo gari linapopata kazi yake.

Basi tulitayarishe vipi? Kwanza tangi. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, mafuta yasishuke chini ya nusu. Najua bei yake, na najua wengi huweka ya kutosha safari moja tu. Lakini barabara ikikatika, kituo cha mafuta cha mjini ni kama hakipo. Tena msijaribu kuziba pengo hilo kwa kuweka petroli ndani ya madumu chumbani wanakolala watoto. Mvuke wake unawaka kwa cheche ya koroboi. Mafuta mahali pake ni ndani ya tangi.

Pili, mfuko mmoja ukae tayari karibu na mlango: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa na hati ya shamba, vyote ndani ya nailoni, dawa za anayetumia dawa kila siku, iwe ya kisukari, ya shinikizo la damu au ya kifafa, tochi, redio ya betri, blanketi, na madumu mawili ya maji safi. Turubai, kamba na jembe vikae garini. Mwenye mgonjwa wa akili nyumbani naomba alisikie hili kwa makini zaidi: dawa ikikatika wiki moja katika fujo ya mafuriko, hali ya mgonjwa yaweza kurudi nyuma kwa miezi. Gari liegeshwe kichwa kikitazama njia, na kamwe lisiegeshwe chini ya ukingo uliokatwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Gari lililoandaliwa vizuri humpa dereva moyo, na moyo huo umewaua wengi mtoni. Kijito cha mlimani ambacho asubuhi watoto walikivuka kwa miguu, jioni hushuka kikiwa na magogo na mawe. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita thelathini tu yanatosha kuliinua na kulisukuma gari dogo, na yakifika sentimita sitini huchukua magari mengi, pamoja na yale marefu tunayoyaamini. Chini ya maji ya kahawia dereva haoni kama barabara bado ipo. Kwa hiyo, dereva, abiria wakikuhimiza na kukuita mwoga, simamisha gari, rudi nyuma, ulale upande uliopo. Na ninyi abiria, nauli mliyolipa haiwapi haki ya kumtukana mtu anayeyalinda maisha yenu.

Ndiyo maana saa ya kuondoka ni ile ambayo njia bado ni kavu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Anayekaa bondeni Korogwe mjini anaweza kungoja ngazi ya pili. Mwenye nyumba chini ya mteremko Lutindi asingoje. Akisikia angalizo la mvua kubwa awapeleke wazee, wajawazito na watoto wachanga kwa ndugu walio mahali salama, hata kama majirani watamcheka mvua isipokuja. Akiona ufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, au chemchemi iliyochafuka ghafla, asimngoje mtangazaji yeyote.

Kulala ndani ya gari nako kuna adabu yake. Baada ya matetemeko ya Kumamoto, Japani, Aprili 2016, watu wengi waliogopa kurudi majumbani wakalala magarini usiku baada ya usiku. Baadhi yao waliganda damu miguuni kwa kukaa wamekunja magoti, bonge la damu likapanda mapafuni, na wako waliokufa. Anayelazimika kulala garini ashuke kila baada ya saa chache, atembee, anywe maji ya kutosha. Na baridi ya Usambara isimshawishi mtu kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga vioo. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na familia nzima hulala isiamke. Vivyo hivyo injini isiachwe ikinguruma usiku, bomba la moshi likiwa limezibwa na tope.

Wala tusidhani gari linaweza kugeuka nyumba ya kudumu. Baada ya tufani Katrina ya Agosti 2005, serikali ya Marekani iliwapa waathirika matela ya kuishi, zaidi ya familia laki moja, na wengi wakakaa humo miaka. Mbao za baadhi ya matela zilitoa hewa ya kemikali iliyowaumiza macho na vifua. Kitu cha siku chache kilifanywa cha miaka, na walioumia ni wale wasio na pa kwenda.

Nasikia mtu wa kitongojini akiuliza: mimi nisiye na gari unaniambia nini? Nakuambia wewe ndiye uliye wengi, na makala haya yasingekuwa na maana kama yangemwokoa mwenye Noah peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Kamati yenu na ikutane kabla ya Machi, iorodheshe kila Haisi, kila kirikuu na kila bodaboda, ipatane na wenyewe mapema nani atambeba nani na mafuta yatalipwa na mfuko gani. Mjamzito na mtoto mchanga wana mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022: simu 115, bila malipo, na pasipo gari la wagonjwa hutumwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Namba hiyo iandikwe ukutani kwa mkaa, maana simu huzimika chaji.

Na wewe mwenye gari, nimekuachia swali la ufunguo. Nyumba nyingi zina gari moja na dereva mmoja, naye ni baba. Baba yuko Tanga mjini kwa biashara, ufunguo uko mfukoni mwake, na mvua imeanza saa nane ya usiku. Ufunguo wa pili ukae nyumbani, mahali ambapo watu wazima wote wanapajua. Mama afundishwe kuendesha, na binti aliyefikisha umri wa leseni afundishwe pia, kwanza uwanjani, kisha kwenye kona za mlimani, mchana, barabara ikiwa kavu. Kiangazi hiki kingali na wiki za kutosha kwa kazi hiyo.