Kalemie: watoto wa masomo watoke na daftari mpaka kando ya ziwa

Mwaka wa 2024 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba za wakaaji wa Kalemie. Watoto waliyaona kwa macho; masomo iwafundishe kuyaandika. Hakuhitajiki vyombo vya bei kali: fimbo yenye alama iliyosimikwa majini, daftari na kalamu. Kila wiki, mwalimu akiwa karibu, wanafunzi waandike kimo cha maji na siku za mvua, wachore jinsi ganda la konokono linavyozunguka. Mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani, unaanzia hapo hapo mjini. Mtoto anayepima maji leo, kesho atajua pa kujenga. Wakubwa wa elimu jimboni waruhusu. Wazazi wasiseme ni mchezo.