SPIKA TANO NA SABUFA, MANENO HAKUNA: MWENYE BANDA UMIZA MISHAMO ANAZINGUA!

Kuna jamaa ana banda umiza huko Mishamo, jina kapuni. Kanunua redio ya 5.1, spika tano na sabufa. Bati linatetemeka mpaka barabarani, ila aliyelipa kiingilio haambulii neno!

Jamani, tangu enzi za Lufufu watu wanaenda bandani kusikiliza tafsiri. Kwa mzee asiyejua Kiingereza, sauti ya DJ ndiyo muvi yenyewe. Besi ikishaimeza, kalipia nini?

Ukweli mchungu: muvi nyingi za kutafsiriwa sauti yake ni ya kushoto na kulia tu. Na redio yenyewe kaichomeka kwa waya mbili, nyekundu na nyeupe. Spika tano hapo ni mbwembwe! Mbili zikae kando ya TV, usawa wa masikio, sabufa ishushwe mpaka kila neno lisikike. Haigharimu hata shilingi. Yeye kazitundika nje zivute wateja! Walio nje wanasikia bure, waliolipa hawasikii.

Banda si disko. Kama anataka mdundo tu, aandike mlangoni DISKO, wazee wabaki na hela zao.

Wadau, mnasemaje?