Jiko Lisilale Nasi Ndani ya Hema

Tangu familia nyingi katika kambi za hapa Rwanda zianze kupikia gesi badala ya kuni, tunapotembea nyumba kwa nyumba tunasikia maneno ya aina mbili. Kuna wanaosema: "Gesi ni bomu, heri turudie kuni zetu." Na kuna wanaosema: "Gesi haina moshi, basi haina hatari, unaweza kupikia hata karibu na kitanda." Kwa maoni yangu wote wawili wanakosea. Lakini kosa la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, hasa kwa ajili yenu mnaokaa bado ndani ya hema na shitingi mkingoja nyumba.

Tuanze na kuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Tena kuni haziji zenyewe. Ni mama na binti wanaokwenda porini kuzitafuta, na kila mmoja wetu anajua yanayoweza kuwapata huko. Kwa hiyo anayetaka turudi kwenye kuni aulize kwanza nani atakwenda kuzileta. Mimi sitaki turudi huko. Nataka gesi tuitumie kwa akili.

Sasa tuje kwa wale wanaosema gesi haina hatari kwa sababu haina moshi. Moto wowote unakula hewa. Uwe wa gesi, wa makaa au wa mafuta ya taa, ukiwaka mahali padogo pasipo na hewa ya kutosha unatoa sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Sumu hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hapo mwili unakosa hewa huku mtu mwenyewe anaendelea kupumua. Aliyelala haamki kuomba msaada. Anayeumia upesi ni mtoto mchanga, mzee na mama mjamzito pamoja na mtoto aliye tumboni.

Hema limeshonwa ili lizuie mvua na upepo. Ukifunga mlango na kubana shitingi chini kwa mawe, umezuia pia hewa. Msidhani jambo hili ni la wakimbizi tu. Huko Ulaya watu wenye mali wanaokwenda kulala hemani kwa mapumziko wameshakufa hivyo hivyo, baada ya kuingiza jiko ndani ili wapate joto.

Wengi wetu tumetoka Masisi, Rutshuru na milima mingine ya Kivu, ambako usiku ni baridi na mbabula huingizwa ndani jioni. Mtu anasema: "Makaa yameshakuwa mekundu, moshi umekwisha, sasa ni salama." Hapana. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa sumu hiyo kwa wingi, na hata yakifunikwa na majivu yanaendelea kuitoa. Jiko la gesi nalo halikutengenezwa ili litupashe joto usiku kucha.

Gesi ina hatari nyingine, nayo ni kuvuja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inashuka chini na kutandaa pale pale kwenye mkeka wanapolala watoto. Yenyewe kwa asili haina harufu. Ile harufu mbaya tunayosikia imetiwa kiwandani kwa makusudi ili itushtue, basi tusiizoee. Ukiisikia, usiwashe kiberiti wala tochi. Toa watu wote nje, funga mtungi kama unaweza kuufikia bila hatari, fungua hema pande zote, na usirudi ndani mpaka harufu iishe kabisa.

Ndugu msomaji, kuna jambo lingine linaloleta matata. Kaboni monoksaidi inaanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kulegea. Mtu anafikiri ni malaria, anakunywa dawa na kurudi kulala ndani ya sumu ile ile. Au familia nzima ikiugua usiku mmoja, jirani anatajwa kuwa mchawi. Kabla ya kumshtaki jirani, jiulize: Je, wameugua wote kwa pamoja? Je, wanapata nafuu wakitoka nje? Je, jiko lilikuwa linawaka ndani? Kama ni ndiyo, watoe nje mara moja, wapeleke kituo cha afya, na umwambie muuguzi wazi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Bila neno hilo anaweza kukosa kujua dawa ya kwanza ni oksijeni.

Haya ndiyo ninayowaomba muyashike:

1. Pikia nje. Mvua ikinyesha, pikia chini ya kibanda kilicho wazi pande zote, mbali na shitingi. Shitingi ikishika moto inayeyuka na kudondoka juu ya watu.
2. Mtungi usimame wima, usilazwe kamwe.
3. Kila ukibadilisha mtungi, paka maji ya sabuni kwenye kichwa na kwenye mpira. Ukiona mapovu yanatoka, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti.
4. Tazama rangi ya moto. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinaingia masizi, jiko lina kasoro. Lipeleke kwa fundi.
5. Ukimaliza kupika, funga mtungi wenyewe, si jiko tu.
6. Usiku, jiko na mbabula visiwake ndani ya hema hata kwa dakika chache.
7. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha aende kituo cha afya. Usimpake dawa ya meno wala mafuta.

Lakini haitoshi kuwaambia akina mama "msifanye hivi, msifanye vile." Anayeingiza mbabula hemani si mjinga. Anasikia baridi, na mtoto wake analia. Anayepikia ndani wakati wa mvua hana mahali pengine. Kwa sababu hiyo naomba na wakubwa wetu, yaani kamati za kambi na mashirika, watusikie. Mtungi bila kibanda cha kupikia ni msaada nusu. Onyo juu ya mbabula bila blanketi la kutosha halitafuatwa. Na siku ya kugawa mitungi, waitwe pia akina baba waonyeshwe kwa vitendo namna ya kufunga na kufungua, kwa maana mara nyingi baba ndiye anayebeba mtungi na kufunga kichwa, huku mafundisho yanapewa mama peke yake.

Wakati tunangoja hayo, leo jioni kabla ya kufunga mlango wa hema lako, angalia jiko liko wapi. Kama liko ndani, litoe. Kisha pita kwa jirani umwambie naye.

Kinga ni bora kuliko tiba.

Mhamasishaji wa afya wa kujitolea