Maziwa Hayaoshi Mapafu

Ndugu Waislamu, kandokando ya barabara iendayo Bagamoyo, Tegeta hadi Bunju, tunawaona vijana wakipuliza vanishi kwenye samani, wamejifunga kitambaa puani. Jioni tajiri huwapa maziwa, ati yaoshe sumu. Maziwa huenda tumboni. Mvuke wa thina huingia mapafuni, ukafika hadi ubongoni, na kitambaa hakiuzuii. Hatuiiti hiyo sadaka, hata kama mtoaji huswali safu ya kwanza. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Barakoa yenye chujio la mkaa itangulie maziwa. Aliyekwisha kuugua naye asirudishwe kwao mikono mitupu: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa Sheria ya mwaka 2008, hufidia maradhi yatokanayo na kazi.